Neno Ambalo Anti Asekenye Hakuwahi Kumwambia Olinga

Anti Asekenye anauza chakula Malaba, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka Uganda. Madereva wanamjua kwa ugali wake wa wimbi na kwa mdomo wake. "Boss, hiyo nyama ni ya kula, si ya kuangalia!" Shule zikifungwa mimi humsaidia, ingawa kusema ukweli huwa nasikiliza watu kuliko kuosha sahani.

Mchumba wake, Olinga, anaendesha trela la unga hadi Juba. Wakiagana anti humwambia tu, "Chakula kiko." Hamwambii arudi, wala hamuulizi atarudi lini. Madereva wa hapa wanaamini kwamba ukimwambia hivyo mtu wa safari, unamtilia mkosi barabarani.

Mwezi huu redio ikasema vita vinakaribia Juba. Malori yakaanza kurudi na mizigo yake. Olinga alikuwa Elegu, upande wa Uganda kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na tajiri wake alitaka avuke kesho yake asubuhi. Siku hiyo anti aliunguza maharagwe. Yeye! Kila akimaliza kupakua anafungua simu kusikiliza sauti ambayo Olinga alimtumia: kicheko, halafu honi, basi.

"Anti, si umwambie tu arudi?"

"Wewe mtoto, unataka apate ajali?"

"Na risasi ndiyo afadhali?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mwiko wa kunipiga nao. Halafu akajipangusa mikono, akapiga simu, spika ya simu ikiwa juu kabisa. Wateja wote wakaacha kutafuna.

"Olinga, rudi."

"Umesemaje, Asekenye?"

"Nimesema rudi. Kama ni mkosi, uje nao tugawane hapa nyumbani."

"Miaka minne nangoja uniite! Nilidhani kwako mimi ni kasitoma tu."

"Kasitoma gani halipi?"

Hata mzee mmoja Mganda, aliyekuwa anakula pole pole kwenye kona, alicheka mpaka akakohoa.

Olinga alimwachia tajiri trela lake Elegu. Alifika Alhamisi kwa lori la mwenzake, na begi moja, bila kazi. Anti alitoka mbio na aproni yake, akasimama mbele yake kama hajui aanzie wapi.

"Umekonda," akasema, akaanza kulia.

Wateja walijipakulia wenyewe mchana huo, na wengine wakaongeza nyama.