Nilijifunza kurusha ndimu kwa mikono iliyopishana, posa ya binti yangu ikataka kuvunjika

Assalaam alaykum wakuu. Na wale wa salamu nyingine nawasalimu pia, sote humu ni ndugu.

Haya yametokea nyumbani kwangu, Usagara, Tanga. Sikuongeza kitu. Mtu wa umri wangu akitunga uongo leo hana hakika kama kesho atapata nafasi ya kuutubia.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Sasa nafundisha wajukuu wa wale niliowafundisha zamani. Alhamdulillah, nina mke, bado narukuu bila kushika ukuta, na nina binti yangu wa mwisho, Mwanaidi, ambaye ndiye sababu ya uzi huu.

Ililetwa posa kutoka Tongoni. Watu wenye adabu, na mshenga wao anajua kusema. Kijana anaitwa Kombo.

Nikauliza yanayoulizwa. Anaswali? Anaswali. Tabia? Njema. Kazi?

Mshenga akakohoa, akasema kijana anarusha mipira.

Nikadhani ni golikipa.

Sivyo. Anairusha juu na kuidaka, mingi kwa pamoja, mbele ya wageni wa hoteli za Raskazone na Pangani. Ndiyo kazi inayomlisha.

Kwa wasiojua desturi zetu: huku posa haijibiwi papo hapo. Hata kama umeridhika, unasema "tutawajibu", ili binti asionekane alikuwa amesimamishwa mlangoni akingoja. Basi nikasema tutawajibu. Moyoni jibu nilikuwa nalo tayari, la kukataa, lakini la upole.

Kilichonizuia ni kanuni tuliyosomeshwa, kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla hujakijua kilivyo. Hiyo nimeisomesha maisha yangu yote. Nikaona haki ni kujifunza kidogo hiyo kazi, nithibitishe kwamba ni mchezo wa kitoto, kisha nikatae nikiwa na elimu.

Nikamwita Kombo. Akatoa shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti. Nilipomwambia nataka anifundishe, alinitazama kama mwanafunzi aliyewekewa mtihani wa somo asilolisoma.

Wakuu, si mchezo wa kitoto.

Mipira mitatu ya kawaida tu ilinitoa jasho. Hutazami mikono, unatazama juu. Wa pili unaondoka wakati wa kwanza umefika kileleni, si kabla. Ukiwa na pupa yote inakushukia kwa pamoja.

Nikaizoea, nikadhani nimemaliza. Ndipo Kombo akanionyesha ya mikono iliyopishana. Mkono wa kulia unalala juu ya wa kushoto, na mpira unarushwa na ule wa chini. Mpira ukiwa hewani unaifungua mikono, kisha unaifunga tena, safari hii wa kushoto ndio uko juu. Mipira inahama kutoka upande huu kwenda ule kama maji yanayotikiswa kwenye beseni. Ukiitazama unaapa kuwa mikono imefungana fundo.

"Maalim, usiuvute mpira," aliniambia. "Ufuate."

Aliokota mipira niliyoiangusha, akaiokota tena, wala hakununa. Nikaanza kujiambia kwamba mwanamume mwenye subira hii ataweza kuishi na mke, na pia ataweza kuishi na baba mkwe. Jibu langu likageuka bila mimi kuliamuru. Sikulipeleka mara moja, kwa kuwa nilitaka kwanza ile ya mikono iliyopishana inikae sawasawa. Elimu ikamilike, nikajiambia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mipira ya Kombo ni vifaa vyake vya kazi, hakuweza kuniachia. Nikachukua ndimu jikoni. Zinaenea mkononi na zikianguka hazidundi mbali. Kila siku baada ya Alfajiri nikawa natoka uani, peke yangu, nafanya mazoezi. Ili nisipoteze mwendo nilihitaji kuhesabu kwa mdomo. Tasbihi niliona si adabu kuitumia kwenye mchezo, basi nikatumia herufi za madrasa. Alifu kulia, be kushoto, te chini ya mkono.

Watu wa Tanga humu najua mmeshaanza kucheka.

Kwa wengine nieleze: huku ndimu ina kazi nyingine zaidi ya kutiwa kwenye mchuzi. Ukiikuta kizingitini asubuhi huirudishi jikoni.

Jirani yangu Bi Tatu akachungulia kwenye tundu la ua. Akaona mzee amepishanisha mikono, ndimu zinaruka, midomo inatikisika, herufi za Kiarabu zinatoka, na ndani ya nyumba kuna posa isiyojibiwa. Nimtendee haki, hata mimi ningewaza alivyowaza.

Habari ilifika Tongoni kabla jua halijapanda.

Nilianza kushtuka alipokuja mtu mzima mmoja, mwenye duka mtaa wa pili, akaniomba kwa heshima nimtazamie biashara yake. Nikamwambia mimi sifanyi mambo hayo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana eti waganga wenyewe hasa ndivyo wanavyojibu.

Sikucheka tena aliponijia Mwanaidi. Alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Baba, kama unamkataa, mkatae," akasema. "Usimkatae kwa ndimu."

Mwanangu mwenyewe, niliyemsomesha mimi.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaondoka, nami sikujua kama ameamini. Siku hiyo hiyo mshenga akapiga simu kwamba wazee wa Tongoni wanakuja "kulizungumza upya lile jambo". Maana yake wanakuja kurudisha maneno yao. Na posa ikivunjika kwa sababu hiyo, ni nani mwingine angebisha hodi kwenye nyumba hii?

Wakaja baada ya Alasiri: mjomba wake Kombo, shangazi yake Bi Rehema, na mshenga. Wakapewa kahawa. Hawakuigusa.

Mjomba akasema, "Maalim, sisi hatukuhukumu. Tunaomba tuachane kwa heshima."

Nikawaambia kijana wao mwenyewe ndiye aliyenifundisha, wamuulize. Wakasema wamemuuliza, naye amesema hivyo hivyo. Lakini aliyerogwa huwa wa mwisho kujua.

Nikaona maneno hayatafaa kitu. Nikamwomba mke wangu alete ndimu. Alisita, akazileta. Nikasimama mbele yao, nikasoma Bismillahi, nikaanza.

Haikuwahi kwenda vizuri namna ile. Mikono ilifungana na kufunguka, ndimu zilipita kulia na kushoto, hata mimi nilistaajabu. Nikamtupia jicho mjomba ili nione amefurahi kiasi gani.

Mjomba alikuwa amepandisha miguu kwenye kiti. Bi Rehema amejifunika mtandio, anasoma Ayatul Kursi. Kila nilivyoipatia ndivyo nilivyozidi kujishtaki.

Nilipolielewa hilo, mikono ikasahau zamu zake. Naapa sikufanya kusudi. Ndimu moja ilitumbukia kwenye kikombe cha mjomba, ya pili ikamgonga mshenga kwenye kofia, ya tatu ikaviringika mpaka miguuni kwa Bi Rehema.

Bi Rehema akaacha kusoma. Akaitazama ile ndimu, akanitazama mimi nilivyosimama na mikono bado imepishana.

"Huyu si mchawi," akasema. "Mchawi gani anaangusha?"

Mjomba akachungulia kikombe chake, kanzu yake ina madoa ya kahawa. "Tena anamwagia wageni," akasema.

Mshenga alianza kucheka, wengine wakafuata. Alipomaliza kujipangusa machozi akauliza kama basi leo wanaweza kupewa jibu. Nikasema tumeridhia. Nyuma ya pazia mke wangu akapiga kigelegele, na chini ya kigelegele hicho nikamsikia Mwanaidi analia, safari hii kwa namna nyingine.

Nikaha imeshafungwa, Alhamdulillah. Bi Tatu ndiye aliyesimamia pilau. Yule mwenye duka ananiambia biashara imechangamka na ananishukuru. Nimechoka kumbishia.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba nilitoa jasho ili nisiangushe, na Mola akaiweka riziki ya mwanangu kwenye kuangusha. Ningekamilika siku ile, binti yangu angekuwa bado yuko nyumbani. Na mwenye jambo jema la kufanya uani kwake amwite jirani aje kuona, asimwachie tundu la ua.

Aliyewahi kuokolewa na kushindwa kwake mwenyewe aandike hapa chini. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.