Kigelegele cha Zuhura

Ipo siku moja, Idi mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo roho inanichoma, na wala siionei haya. Keti hapo nikusimulie. Tangu juzi umenuna humo chumbani na kompyuta yako, kisa mwenzako Hemedi katajwa redioni kuwa ndiye aliyetengeneza ile biti, muziki wa ule wimbo unaovuma, na milio ya ngoma iliyomo uliirekodi wewe kwa mikono yako. Unasema kwa wimbo wake unaokuja humpi hata mlio wa kofi moja. Nimekusikia. Wivu huo naujua, mwanangu, umeurithi kwangu.

Enzi hizo mie ni kijana, naishi papa hapa Temeke, na kwa vigelegele sikuwa na mpinzani. Watu walikuwa wakija kunialika harusini kabla hawajanunua mchele. Shoga yangu alikuwa Zuhura. Alikuja mjini kutoka Kimbiji, ulimi haujui kucheza kabisa, nikamfundisha mie mwenyewe uani kwetu mpaka akaweza. Wote wawili tulikuwa kwenye kikundi cha ngoma cha Bi Tatu, somo yetu, ndiye aliyetufunda tulipovunja ungo. Zuhura akianzisha kigelegele, mie napokea. Mie nikianzisha, yeye anapokea. Ndivyo tulivyofunzwa, kigelegele hakiachwi kikaanguka chini.

Miaka hiyo ndiyo redio za watu binafsi zilikuwa zinaanza kufunguliwa, na vijana wamepagawa na kurap. Muziki wa kwao hawana. Walikuwa wanachukua kanda ya Mmarekani, wanatafuta pale mwimbaji aliponyamaza, wanaghani hapo hapo juu yake. Baadaye zikaja mashine za kunasa sauti, na disketi zenye milio kutoka Ulaya, ngoma zimepigwa na watu wasiojulikana hata majina. Vijana wakawa wanaazimana na kunakiliana. Nyie leo mnashusha kwenye simu mkiwa mmejilaza, wenzenu walikuwa wanatembea na disketi mfukoni kutoka Kinondoni mpaka Tandika.

Sasa huko Kinondoni alikuwepo kijana mmoja, Jabiri, ana studio ya chumba kimoja, kuta zote kazibandika trei za mayai. Milio ya kuazima ilikuwa imemchosha. Akaja kwa Bi Tatu, akaamkia vizuri, akasema, "Mama, mie nataka sauti za hapa kwetu. Mkinipigia mara moja, naiweka kwenye kinanda. Nikibonyeza inalia, hata nyie mkiwa mmelala."

Bi Tatu akacheka, akasema mtoto huyu anataka kutugeuza majini. Lakini tulikwenda.

Alimpigisha Bi Tatu ngoma pigo moja moja, anapiga, anangoja, anapiga tena. Bi Tatu akakunja uso, maana ngoma haipigwi hivyo. Kisha Jabiri akataka kigelegele. Akanisikiliza mie, akamsikiliza Zuhura, akafikiri kidogo. Akamwonyesha Zuhura kidole. "Huyu."

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mwanangu, mie sababu nilikuwa nayo, ulimi ule niliufundisha mwenyewe. Jabiri akatuonya tusikohoe, tusiguse chochote. Zuhura akapiga. Nikajizuia, nikajizuia, kilipofika katikati nikashindwa. Nikampokea kwa sauti ya juu kuliko yake, makusudi, ili kiharibike. Bi Tatu akanikata jicho. Jabiri akakirudisha nyuma, akasikiliza, akatabasamu.

"Hiki hiki," akasema. "Sirudii tena."

Na jina akakipa Kigelegele cha Zuhura. Wenzake wenye studio wakakiazima, kila mmoja na disketi yake, na wao wakiambiana, "Niwekee Zuhura hapo." Kikatoka kwenye wimbo wa kwanza, wa pili, kikazoeleka. Uende sokoni Buguruni unakisikia, uvuke na pantoni kwenda Kigamboni unakisikia. Sauti yangu inalia mle ndani, watu wanampongeza mwingine. Zuhura akipongezwa anainamisha macho, anasema ahsante. Hajatamka hata siku moja kwamba tulikuwa wawili. Na mie sikumuuliza, nilinuna tu. Nilimwonea wivu mpaka khanga alizovaa.

Ikafika harusi ya mdogo wake. Uani kumejaa, bibi harusi anatolewa nje, Zuhura akapiga kigelegele cha kwanza. Wanawake wote wakanigeukia, kwani mpokezi anajulikana. Mie nikafunga mdomo. Kigelegele kikaenda, kikapungua, kikakatika. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Mbona si kama cha redioni?"

Moyo wangu ukastarehe, nisikufiche. Nilichokitaka muda wote ule nilikuwa nimekipata. Halafu nikamwona bibi harusi kasimama mlangoni, hajui aendelee au arudi ndani, machozi yanamlengalenga na wanja wote ule.

Bi Tatu akaniinamia sikioni. "Haya, wamejua si chake peke yake. Umefurahi? Harusi ya mtoto wa watu umeigeuza matanga. Jina lako ungelidai kule studio, kwa mdomo wako huo huo. Hapa ni pa kupokea. Pokea."

Nikapiga, kwa hasira wala si kwa mapenzi. Zuhura akanipokea papo hapo, na kikatoka kile kile, kama kilivyo. Watoto waliokuwa wamepanda ukutani wakapiga kelele, "Redio! Redio!" Bibi harusi akacheka, akatoka.

Usidhani wivu uliniisha siku ile. Zuhura alirudi kwao Kimbiji, analima, tunapigiana simu sikukuu mpaka sikukuu, na lile jambo hatuligusi. Mpaka wiki iliyopita, pale uliponisikilizisha lile furushi la milio ulilonunua mtandaoni, sampo mnaziita, limetengenezwa huko nchi za watu. Ukabonyeza, ukabonyeza, mara akalia Zuhura, na mie ndani yake. Nikakuuliza hiki kinaitwaje. Ukasoma, ukasema kinaitwa Mwanamke wa Kiafrika. Basi. Zile disketi zimepita mikono ya nani na nani, sijui.

Hukuniona uso, ulikuwa unaangalia simu. Miaka yote nilitamani jina la Zuhura litolewe pale, na sasa limetolewa, na mie nikapandwa na ghadhabu kama nimeporwa mtoto. Ulipotoka nikampigia simu Kimbiji, nikamweleza. Akaniambia nilirudie hilo jina walilokipa. Kisha akasema, "Wametuiba sote wawili, shoga yangu."

Sote wawili. Nimelingoja neno hilo tangu ujana.

Basi sikia, mwanangu. Sikwambii uache wivu, mie mwenyewe sikuweza. Nenda kwa Hemedi leo, umwambie kwa mdomo: zile ngoma ni zangu, nitaje. Usinune mpaka uote mvi kama mie. Akikataa, kasirika, gombaneni, mpatane. Ila siku wimbo wake unatoka, mpe ngoma zako, usikiache kigelegele chake kikaanguka chini mbele za watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hao wanaouza sauti za watu bila majina hawamjui Hemedi wala wewe. Mkitengeneza furushi lenu, liwe na majina yenu yote.

Na hicho kilichomo kwenye simu yako, futa hilo jina walilokipa. Andika Zuhura. Andika na langu. Langu litangulie.

Mola akupe kazi itakayojulikana kuwa ni yako, na kila utakapoanzisha, akupe wa kukupokea. Amin.