Kadi ya Tarehe Tisa

Pale redioni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kalenda, tangu enzi za kanda mpaka leo. Kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, ilikuwa kazi yake wasikilizaji waambiwe yaliyowahi kutokea siku kama hiyo. Aliyatoa kwenye masanduku ya bati yenye kadi mia tatu sitini na sita, kila siku ya mwaka na kadi yake, alizoziandika kwa mkono kutoka magazeti ya zamani. Watu walimwamini kuliko utabiri wa mvua. Ubishi barazani ulikatwa kwa maneno mawili: redio imesema.

Kadi nyingine zilifurika vita na mafuriko. Nyingine zilikuwa kavu, na kavu kuliko zote ilikuwa ya tarehe tisa mwezi wa pili, isiyo na tukio hata moja. Miaka saba iliyopita, asubuhi ya tarehe hiyo, mtangazaji alishaketi kwenye kipaza sauti, akimwonyesha kwa vidole dakika zilizobaki. Kalenda akachungulia kadi jirani, ya tarehe kumi. Ilikuwa na matukio manne, mojawapo kuungua kwa kiwanda cha viberiti cha mjini, miaka thelathini nyuma, na wafanyakazi kumi na wanane ndani. Akalihamishia tarehe tisa. Siku moja nyuma itamdhuru nani?

Mwaka uliofuata watoto na wajukuu wa marehemu walianza kukusanyika penye geti la kiwanda kila tarehe tisa, kwa kuwa redio imesema. Wazee waliokumbuka vingine wakajiona wao ndio wenye kasoro. Mmoja wao, mama fundi cherehani, aliwahi kupiga simu. Kalenda alimjibu, "Mama, wewe unakumbuka, sisi tumeandika." Jibu hilo lilimtafuna tangu siku ile, lakini alilimeza kama mtu anavyomeza mwiba wa samaki mbele ya wageni.

Mwaka huu, tarehe kumi, mama huyo alikuja mwenyewe, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Wewe ndiye Kalenda?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Nilidhani utakuwa mnene. Kwenye simu sauti yako ilikuwa na kitambi." Akaketi. "Sikuja kugombana, baba. Mdogo wangu alikuwa akifunga viberiti pale. Nilimshonea gauni, aje kulijaribu jioni ya tarehe kumi. Hakuja. Sasa wanangu wanasema ilikuwa tisa. Mwaka jana nilikwenda getini siku yangu, peke yangu, mwanangu akaja kunichukua kama mtoto aliyepotea sokoni. Akanipeleka kwa daktari wa kichwa. Kesho anakuja kuchukua cherehani, eti nitajishona vidole. Niambie tu ukweli, nijue moja. Akili yangu imeanza kuniacha?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni. Kalenda akavuta sanduku, akamwekea mbele kadi mbili.

"Akili yako nzima, mama. Ilikuwa tarehe kumi. Nilijua tangu mwanzo."

"Ulijua."

"Kadi ya tisa ilikuwa tupu."

Mama alipitisha kidole kwenye ukingo wa kadi kama anayekagua pindo.

"Tupu," alisema. "Basi njoo kesho uyaseme hayo mbele ya mwanangu. Mimi hataniamini."

Asubuhi iliyofuata Kalenda alimpa mtangazaji karatasi yenye masahihisho.

"Babu, hii itanifukuzisha kazi."

"Atakayefukuzwa ni mimi. Soma."

Akatoka na gazeti la zamani kwapani. Nyumbani kwa mama alikuta cherehani imeshafungwa kamba, mwana kasimama mlangoni. Akamweleza alivyohamisha tarehe ya moto.

"Mzee, mama kakupa nini useme hivyo?"

Kalenda akafunua gazeti la tarehe kumi na moja la mwaka ule, habari ya moto ikianza na neno "Jana". Mwana alisoma, akarudia, kisha akainama kufungua kamba.

Ndipo Kalenda alipoona ukuta. Vikaratasi vilibandikwa kila mahali, kwa mwandiko wa kutetemeka. Zima jiko. Ufunguo uko kwenye msumari. Chini yake, majina ya wajukuu, moja moja, na umri wa kila mmoja.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi. Daktari alisema yatanisaidia nikianza kuwasahau."

Mwana akanyoosha mkono kuvibandua.

"Viache," mama alisema. "Nitavitoa mwenyewe, nikishajiamini." Akaketi kwenye cherehani, akamgeukia mgeni. "Kifungo chako kinaning'inia. Lete hilo shati."

Kalenda alitamani atukanwe. Akavua, akabaki na fulana, mikono mapajani, akisoma majina ya watoto asiowajua. Mama alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaielekeza kwenye tundu la sindano. Ikaingia kwa jaribio la kwanza.