Fahali Aliyezidi Mlango

Mume wangu alimwingiza fahali yule chini ya nyumba akiwa ndama aliyeachishwa kunyonya juzi, na siku hiyo hiyo nilimwambia mlango ule ni mwembamba. Akanijibu kwamba mimi ni mwalimu wa darasa la pili, mambo ya ng'ombe nimwachie yeye. Nikamwachia.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, karibu na Nchiru. Upande wa bondeni kuna chumba cha chini, nusu yake imezama ardhini, tulichokijenga kiwe stoo ya viazi. Mlango wake ulikuwa futi mbili tu. Kwetu mnyama wa kunoneshwa hufichwa. Haoni jua wala macho ya majirani, na chakula humfuata alipo. Huyu alikuwa wa mahari ya kifungua mimba wetu, aliyekuwa amepata msichana wa Kiritiri. Kwa mwaka na nusu nilimshushia majani ya viazi vitamu na mashina ya migomba kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, maana mwenye mambo ya ng'ombe alikuwa anaumwa mgongo.

Wiki mbili kabla ya safari ya kupeleka mahari, mume wangu akataka kumzoeza kamba. Kichwa kilipita, mabega yakapita kwa shida, tumbo likakataa. Tulimrudisha ndani watu watatu kwa kumsukuma paji la uso, nami nilicheka hadi nikakaa chini. Shemeji yangu akapendekeza anyimwe chakula akonde. Nikamwambia aanze yeye.

Kisha kicheko kikaniisha. Siku ilikuwa imeshakubaliwa na wazee wa pande zote mbili, na fahali wa mahari hafiki kwa wakwe akiwa nyama. Tungeenda bila yeye, mwanangu angerudi bila mke. Tungebomoa ukuta ovyo, nami ningekosa jiko, kwa sababu lilikuwa juu ya ukuta ule ule. Niliogopa, na hasira nilikuwa nazo pia.

Tulimwita fundi wa mawe, mtu wa Gachoka aliyekuwa akijenga hosteli za wanafunzi hapo Nchiru. Alimkuta mume wangu ameshashika nyundo.

"Mzee, weka hiyo chini," alisema. "Hii ukuta ndio imebeba nyumba yote. Ukitoa mawe kabla hatujashika huko juu, jikoni ya mama itashuka kusalimia ng'ombe."

Nilimpenda fundi yule papo hapo. Kwanza alimimina uani linta mpya, boriti ya zege na vyuma ya kubeba ukuta juu ya mlango, akaifunika kwa magunia, akaniambia niimwagilie maji asubuhi na jioni ili iive vizuri. Kwa wiki nzima nikawa nalisha fahali na kunywesha linta. Kisha akatoboa ukuta matundu manne juu ya mlango, akapitisha maboriti, na kila upande akayashikilia kwa nguzo za mkaratusi alizozikaza kwa kabari. Alipomaliza alipanda jikoni, akaweka dirishani glasi ya maji iliyojaa pomoni.

"Mama, chunga hii. Ikimwagika, piga nduru."

Nimesimamia mitihani mingi, lakini sijawahi kukazia kitu macho namna ile. Huko chini nilisikia tindo ikigonga, jiwe likitoka, jingine likitoka. Fahali alicheua tu, amefungwa kwenye kona ya mbali. Vumbi lilipanda hadi kwenye sufuria zangu. Maji yalitetemeka, lakini halikumwagika hata tone moja. Wanaume sita wakainua linta, fundi akashindilia saruji juu yake mpaka pasibaki nafasi, na nguzo zikaachwa siku tano zaidi. Zilipotolewa, nyumba ilikaa pale pale, na mlango ulikuwa futi nne. Mume wangu alipita humo mara tatu bila sababu yoyote. Mara ya tatu akaniambia, bila kunitazama, kwamba niliona mbali.

Siku ya safari fahali alitoka bila kugusa upande wowote. Akasimama juani, akapepesa macho, akageuka na kurudi ndani. Wazee walivuta, wakasukuma, wakatukana kwa Kimeru. Nilishuka na fungu la majani ya viazi nikiwa na nguo zangu za ukweni, na akanifuata hadi kwenye lori.

Kwetu wanyama wa mahari huswagwa na wanaume. Wanawake hubeba viondo. Lakini kule Kiritiri fahali hakukubali kushuka mpaka aliponiona. Wazee walinong'onezana kidogo, kisha wakanipisha. Basi niliingia lango la wakwe mbele ya wanaume wote, kamba mkononi, huku wanawake wa pale wakipiga vigelegele na wengine wakishika mbavu. Furaha ilinijaa kifuani, ila pia nilikuwa na uchungu ambao sikuutarajia.

Mama wa msichana alikuja kunipokea. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua alikuwa akimlilia binti yake tangu siku ile ilipokubaliwa. Nikamwekea kamba mkononi.

"Huyu nimemlea kwa mikono yangu," nikamwambia. "Sasa nipe wako."