Gari Lilipimwa Kwanza

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi. Nasema hivi kwa mapenzi na kwa hasira, maana vyote viwili ninavyo mpaka leo. Kiu ilimshika, kiu ya ajabu, anamaliza jagi zima la maji na bado anaulizia jingine. Akakonda mpaka kikoi kikawa kinamteleza kiunoni. Kila asubuhi nilimwambia, "Baba, twende hospitali ya Msambweni ukapimwe damu. Hiyo ni sukari." Na kila asubuhi yeye yuko uani, ameliinamia pikapu lake.

Pikapu hilo lilikuwa likibeba mwani kutoka Kibuyuni, na wagonjwa pia. Mja mzito akishikwa na uchungu, mlango uliogongwa ni wetu. Aliwafikisha hospitali, akawangojea nje ya lango. Ndani hakutia mguu.

Basi injini ikaanza kutoa mlio. Fundi wa Ukunda akamshauri asiifungue kwanza, ayapeleke mafuta yake machafu maabara Mombasa. Wakiyapima, wataona kama yana chembe za chuma, yaani kama vyuma vya ndani vinalika. Lo, alivyofurahi! Aliliwasha gari likapata moto, akaingiza mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili, akafyonza mafuta kidogo, akayatia chupani.

Nikamwuliza, "Mafuta ya gari yapimwe, na damu yako je?"

"Gari kwanza, bibi wee. Majibu yakitoka, siku hiyohiyo nafuatana nawe Msambweni. Wallahi."

Akishaapa, hutimiza, hilo nalijua. Nikawa nayangojea majibu ya pikapu kuliko mwenyewe alivyoyangojea.

Kumbe chupa yenyewe! Aliitoa kwenye dirisha langu la chumbani, ile ninayotilia mafuta ya nazi ya nywele. Aliisuuza kwa maji tu, akaona imetakata. Maabara wakampigia kumwuliza ametia nini kwenye injini, kwani mafuta yale hayapimiki. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia sasa basi, twende hospitali. Akanijibu kwamba ameapia majibu, na majibu hayajatoka. Mtu gani huyu, jamani? Akavuka tena kivuko cha Likoni kufuata chupa safi ya maabara wenyewe, akafyonza tena, akapeleka tena, na huku nyayo zinamwaka moto kwa hiyo sukari.

Alfajiri moja nilimwamsha aswali, hakuamka. Alikuwa anapumua kwa nguvu, midomo imemkauka. Jirani akatuendesha Msambweni kwa pikapu lilelile. Daktari akasema sukari imepanda kupita kiasi, tungemleta mapema. Tungemleta mapema! Nilitaka kumrukia, maskini, naye hana kosa. Adhuhuri tulirudi nyumbani na maiti.

Nilikuwa ndani ya eda simu yake ilipolia. Mawifi zangu wakanikataza kupokea, si vyema mjane kuzungumza na mwanamume asiye maharimu wake. Nikapokea.

"Shikamoo, mama. Mzee yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Sema na mimi."

Kijana wa maabara akanieleza kwa adabu kwamba mafuta yamepimwa. Chembe za chuma hazikuonekana za kutisha, maji hayakuingia, injini haina ugonjwa. Huo mlio huenda ni mkanda tu umelegea. "Mwambie mzee asiwe na wasiwasi," akasema. "Amefanya vizuri kuwahi kupima. Wengi hungoja mpaka mambo yameharibika."

Nikamshukuru. Nikakata simu.

Wifi yangu mkubwa akauliza ni nani huyo. Nikasema ni watu wa gari, wanasema ni zima. Kisha nikaigeukia ile simu mkononi nikaipigia kelele mbele yao wote: "Haya, majibu yametoka! Inuka basi, twende!"