Chumba cha Nikeli

Mume wa dada yangu anajulikana mtaani kwa jina la Kromu, kama ile metali inayong'arisha bampa, na jina hilo amejipa mwenyewe. Wengine hupewa majina ya utani wakayakasirikia; yeye alilitembeza lake duka kwa duka mpaka likashika. Kazi yake ni kung'arisha, kuchovya na kupaka rangi vipande vya shaba ya njano vya magari madogo ya mfano, yale ambayo watu wazima huyafungia kabatini na kuwakataza watoto wasiyaguse. Bampa lenye urefu wa kibiriti, wavu wa mbele, fremu za taa ambazo ukipiga chafya zimepotea. Ni kazi nzuri. Sisemi vibaya juu ya kazi.

Kabla ya hapo alikuwa gereji, akipiga msasa milango ya magari ya kweli. Walimwondoa kwa sababu alipiga soga kuliko msasa. Kisha akawa anafunga mapazia maofisini, hadi pazia la meneja lilipomwangukia meneja. Baada ya hapo alikaa nyumbani muda mrefu akitafakari, na tafakari hiyo aliyeilisha ni dada yangu. Siku moja jino likamuuma. Kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa meno akaona magari ya mfano ndani ya kabati la kioo, akarudi nyumbani na shavu limevimba, akatangaza kwamba amepata wito.

Wito ulitaka chumba. Nyumba yao ina vyumba viwili na kibaraza kinachotazama barabara ya vumbi. Chumba cha pili kilikuwa cha dada: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, na mashati ya sare za shule yamening'inia ukutani.

"Kwa muda tu, mama watoto," shemeji alimwambia. "Nikishasimama napangisha karakana."

Dada akahamia kibarazani na cherehani yake na meza ya kukatia. Kila lori lililopita liliacha vumbi juu ya mashati meupe, akawa anashona, anakung'uta, anashona tena. Wazazi wa wanafunzi walisema shati jipya linafika nyumbani kama limeshavaliwa na mwingine. Mwishowe mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea kazi nyingi, alimwambia waziwazi kwamba muhula ujao sare zitashonwa na mtu mwenye chumba.

Wakati huo mwenye chumba alikuwa Kromu. Alikijaza ndoo, makopo ya plastiki, chaja ya betri ya gari na beseni la maji ya kijani lenye kipande cha nikeli, metali nyeupe ya kung'aa, kilichoning'inizwa kwa waya. Mimi napaka rangi mabango, basi aliniita niwe namjazia rangi nyeusi kwenye mianya ya nyavu, kwa kuwa brashi ndogo inataka mtu anayenyamaza. Nilikaa pembeni nikamtazama vizuri.

Utaratibu wenyewe si wa kificho. Kipande kinasuguliwa kwa msasa laini mpaka mikwaruzo iishe, kinafungwa waya, kinaoshwa kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta, kinasuuzwa. Hapo unakitazama. Maji yakitanda kipande kizima, kiko safi. Yakijikusanya vitonevitone, bado kina mafuta, unarudi mwanzo. Kikishakuwa safi hakiguswi kwa kidole. Kinapita kwenye tindikali hafifu, kinasuuzwa, kinaingia kwenye beseni la nikeli kikiwa kimelowa, na umeme wa chaja unakivika ngozi nyembamba ya nikeli. Haya yote shemeji anayajua. Anaweza kukuhutubia juu ya mafuta ya ngozi ya binadamu mpaka chai yako ipoe. Ubaya ni kwamba akihutubia, kipande anakuwa amekishika.

Mgeni akitokea mlangoni, hata msoma mita, anakitoa kwenye maji na kumsogezea usoni.

"Tazama hapa. Unajiona?"

"Najiona."

"Basi hapo bado! Subiri kiingie kwenye nikeli, utaona mpaka mawazo yako."

Siku daktari wa meno alipomwagiza seti nzima kwa ajili ya gari lake refu la mfano la maonyesho, nyumba haikukalika. Shemeji alitembea amevimba kifua kama aliyeambiwa atatawala.

"Daktari akilipeleka gari hili kwenye maonyesho, mimi nimetoka," alisema.

Dada alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa. "Na kazi ikirudi?"

"Hairudi."

"Nimeuliza ikirudi."

"Ikirudi natoka chumbani mwenyewe, na ndoo zangu. Kaka yako huyu shahidi."

Niliitikia kwa kichwa.

Siku ya kuchovya bampa na fremu za taa, alikuwa amewaalika kinyozi na muuza gesi waje washuhudie, utafikiri kuna harusi. Vipande vilikuwa vimeshaoshwa, maji yametanda vizuri. Akaviokota kimoja kimoja kwa vidole vyake vinene, akavipitisha mbele ya macho yao, akavigeuza kwenye mwanga, akavipuliza. Dada alikuwa amesimama mlangoni na shati mkononi.

"Baba watoto, si ulisema haviguswi?"

"Haviguswi na watu," alijibu bila kugeuka. "Mimi ni fundi."

Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Vipande vikaingia kwenye nikeli. Vilipotoka vilikuwa na ukungu sehemu sehemu, na shemeji akaufuta kwa kitambaa mara nyingi, hauondoki. Akasema hiyo ni nikeli changa, ikikomaa itang'aa. Nikeli si parachichi, lakini nilikuwa na brashi mdomoni.

Vipande vikapelekwa kwa daktari hivyo hivyo. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kibarazani, na miwani yake ya kukagulia meno ameipandisha kwenye paji la uso. Akaweka juu ya meza ya kukatia vipande vilivyofungwa kwa pamba, akamvalisha shemeji ile miwani.

"Fundi, dole gumba hili la nani?"

Mimi niliona bila miwani. Katikati ya bampa kulikuwa na alama ya kidole, mistari yote imehesabika, na pembeni yake nikeli imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu.

Shemeji aliivua miwani. "Daktari, kazi ya mkono lazima iwe na alama ya mkono. Hiyo ni sahihi yangu."

"Na kwenye taa?"

"Nilisaini kote."

"Mimi nikiacha kidole kwenye jino la mtu, nitaitwaje?"

"Fundi," alisema dada, na hakuinua macho kutoka kwenye shati.

Daktari alicheka kidogo kwa adabu, akasema gari ameshampa fundi mwingine, akaondoka. Dada akakunja lile shati, akaingia chumbani, akatoka na ndoo ya kwanza.

"Mama watoto, taratibu, hiyo ni sayansi!"

"Naibeba taratibu."

Shemeji alinigeukia, akanishika bega. "Shemeji, wewe ni mtu wa haki. Tulikuwa tunazungumza juu ya gari. Gari limerudi? Halijarudi. Vimerudi vipande tu."

Dada alisimama na ndoo yake, ananitazama. Muda wote huo hakuwahi kuniomba kitu.

"Ulisema kazi ikirudi," nilimwambia. "Na ulisema unatoka mwenyewe, lakini naona unasaidiwa."

Nikashika meza ya kukatia upande mmoja, dada upande wa pili, tukaipitisha mlangoni kwa kuilaza. Cherehani tuliirudisha chini ya dirisha. Chumba kilinuka tindikali, dada akafungua dirisha na kufuta meza kwa maji ya sabuni mpaka akaridhika, ndipo akatandika kitambaa cheupe. Alisema atampelekea mwalimu mkuu shati moja la mfano kabla shule haijafungwa.

Kibarazani Kromu alikuwa ameketi katikati ya ndoo zake na waya wa chaja mapajani.

"Mama watoto," aliita, "na umeme je? Soketi iko humo ndani!"

Dada aliweka mguu kwenye kanyagio na kuanza kushona. Kelele za cherehani zikawa nyingi, hakusikia, au alisikia.