Matusi ya Kukaribisha Mapasa

Nilizaa mapasa, yaani pacha, katika materniti, hospitali ya wazazi, ya kampuni, hapa Kolwezi, wakati Wabeleji bado wanatawala na posho ya unga inagawiwa kila juma. Mume wangu alikuwa mtu wa mgodi. Wazee wetu wote walitoka Kasai. Mtoto wa kwanza alitoka akilia. Wa pili, msichana mdogo kama njiwa, alitoka kimya, na ziwa hakulitaka.

Kulikuwa na binti mmoja wa kizungu pale, mwanafunzi. Alivuka bahari aje kujifunza mambo mawili: kutibu watu wa nchi ya joto, na desturi zao. Jina lake ninalo mpaka leo, na la baba yake, na la mbwa aliyemwacha Ulaya, maana alipenda kusimulia. Siyaandiki, pengine ana wajukuu. Asubuhi alisomea uganga. Mchana alitusoma sisi.

Sasa, mapasa kwetu si batoto hivi hivi. Ni wageni wakubwa, wepesi wa kununa. Wakifika, wanawake wanakuja kuwaimbia, na wimbo wenyewe ni matusi: mama anatukanwa, baba anatukanwa, mambo ya chumbani yanatajwa wazi. Hasira hamna ndani yake. Mapasa wakisikia hivyo, wanajua wamefika kwa watu. Wasipoimbiwa, wanaona wamedharauliwa, na mmoja anarudi alikotoka. Mi nilimtazama yule mdogo anayekataa ziwa, nikajua nani anafunga mizigo.

Kesho yake wanawake wa kambi ya wafanyakazi wakaja, mama mkwe wangu mbele, majani mabichi mikononi. Wakasimama chini ya dirisha, wakaanza.

“Mama ya mapasa, tumbo kama gunia ya posho! Bwana yako hashibi! Mutoto moja haimutoshe!”

Yule binti alikuwa na Kiswahili cha kitabu, lakini maneno haya aliyaelewa mara moja. Akawa mwekundu, akatoka mbio.

“Hamna huruma? Mama huyu amechoka! Mnamletea vijidudu na maneno mabaya!”

“Mademoiselle,” mama mkwe akamjibu, “tunapokea batoto.”

“Kwa matusi?”

“Sasa kwa nini? Kwa biskuti?”

Akawafukuza, akafunga dirisha. Kisha akaja kuketi kando ya kitanda changu, akanishika mkono. “Pole sana, mama. Wale wabaya wamekwenda. Sasa niambie polepole: kwenu, mapasa wakizaliwa, desturi ni nini?”

“Desturi umeifukuza,” nikamwambia. “Iko njiani, inaenda.”

Nikamweleza yote. Akashika kichwa. Mtawa mkubwa wa materniti alikuwa amekwisha kukataza kelele za wageni mpaka juma liishe. Na mtoto wangu hakuwa na juma.

“Basi tukana weye,” nikamwambia. “Uko mwanamuke, uko na kinywa.”

Akanyoosha aproni yake, akafungua dirisha kidogo. Wanawake walikuwa palepale. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kufukuzwa mbali.

“Mama,” akasema yule binti, “wewe... una miguu mikubwa.”

“Ile njo matusi?” mama mkwe akauliza, yaani hilo ndilo tusi. “Mi minasikiaka vile kila asubuhi ku bwana yangu!”

“Sema ya baba!” mwingine akaita.

“Baba yao... anachelewa kazini.”

Walianguka chini kwa kucheka. Wakamgeukia yeye sasa: kiuno chake kama ufito, na kule Ulaya batoto banazaliwa namna gani, kama watu hawajue hata kutukana? Alivumilia, akavumilia, halafu akapasuka.

“Nyamazeni! Wapumbavu ninyi! Mnanuka moshi, mna midomo ya bata! Mume wa huyu ni beberu, na ninyi nyote ni mbuzi wake!”

Kisha vigelegele, vya kung'oa mabati.

“Lakini huyu amekasirika kweli,” mmoja akanong'ona.

“Bazungu banaimbaka vile,” mama mkwe akakata maneno. Akapitisha mkono dirishani, akampaka binti wa watu pemba, ule udongo mweupe wa baraka, mashavu yote mawili. “Sasa njo umetukana, mwana wangu!”

Binti alikuwa analia, mkono mdomoni, ananiomba msamaha kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Na katika fujo ile mdogo wangu akafungua kinywa, akapiga kelele yake ya kwanza. Nikamtia ziwa. Akalishika kama anayedai deni lake.

Yule binti alipotulia, alinieleza kwamba ni kelele tu zilizomwamsha, jambo la kawaida, limo katika vitabu vyao. Alieleza vizuri, polepole, pemba inamkaukia mashavuni. Nikamwitikia ndiyo, mademoiselle, ndiyo. Mtu aliyekuokolea mtoto, humbishii.